Futingi ya saa nzima au kilima cha dakika ishirini: kipi kinapunguza mafuta?

"Jambo Docta. Nina miaka 41, ninakaa Kadutu, hapa Bukavu, na ninashona nguo karibu na soko la Nyawera, hivyo asubuhi hadi jioni niko kwenye kiti. Nina kilo 84 kwa urefu wa mita moja na sentimita 62, na watoto wanne. Tangu Januari ninafanya futingi na kikundi chetu kila Jumapili, saa nzima, tunakimbia tukiimba. Sasa tuko mwezi wa tano na nimeshuka kilo moja tu. Kijana anayefundisha katika sali ya mazoezi ya mtaani ameniambia futingi inakula misuli na kuacha mafuta. Anasema dakika 4 za Tabata, yale mazoezi ya kukaza sana na kupumzika kidogo, zinashinda saa moja ya futingi, zinachoma mafuta mara 9 zaidi, na mwili unaendelea kuchoma siku mbili baadaye. Nilijaribu mara tatu. Mara ya pili niliona nyota, ya tatu nikatapika, na goti la kulia limeanza kuuma nikishuka mlima. Mwaka jana kwenye kituo cha afya walinikuta na tansio 15 kwa 9. Asubuhi nina dakika 35 kabla ya watoto kuamka. Ninachotaka ni tumbo lishuke. Nifuate ipi?"

Mama, jambo sana, na asante kwa kueleza kila kitu bila kuficha. Kwanza niseme wazi: mimi si daktari. Mimi ni kinezi, mtu wa tiba ya viungo na mazoezi. Mambo ya tansio, yaani shinikizo la damu, nitayagusa mpaka pale ninapostahili, halafu nitakutuma kwa wenye kazi yao.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza ufuate ipi, lakini chini ya swali hilo naona uchungu wa mtu aliyeamka Jumapili zote hizo, kisha akaambiwa kwamba alikuwa anajichosha bure. Hukujichosha bure. Nitakuonyesha kwa hesabu kwamba ile kilo moja uliyopoteza ndiyo hasa futingi ya Jumapili peke yake ilipaswa kukupa, karibu bila kuzidi wala kupungua.

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Kwa kupunguza mafuta, mazoezi ya mwendo mmoja na mazoezi ya vipindi yanakaribiana sana. Kinachowatofautisha watu ni wingi wa siku wanazofanya, na chungu cha nyumbani, yaani chakula. Wewe uanze na kutembea kwa kasi siku nyingi za wiki, ubaki na kikundi chako cha Jumapili, na kilima, yaani kupanda mlima kwa vipindi, kije baadaye, kidogo kidogo, tansio ikishapimwa upya. Tabata iache kabisa kwa sasa.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Mwendo mmoja ni kama futingi yenu: unashika kasi unayoweza kuivumilia na kuendelea nayo nusu saa, saa moja, moyo ukipiga karibu vilevile mwanzo hadi mwisho. Vipindi ni kukaza kwa muda mfupi, sekunde 20 au dakika 4, kisha kupumzika au kwenda polepole, halafu kukaza tena, mara kadhaa. Njia hii ya pili haikubuniwa kwa ajili ya matumbo. Ilikuzwa na makocha wa mbio. Huko Ujerumani, katika miaka ya 1930, kocha Woldemar Gerschler, aliyeshirikiana na daktari wa moyo Herbert Reindell, aliwafundisha wakimbiaji hivyo, na mwanafunzi wake Rudolf Harbig akakimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6 mwaka 1939. Walichotafuta ni moyo wenye nguvu. Shikilia neno hilo, moyo, maana tutarudi kwake.

Sasa, mafuta hutokaje mwilini? Wengi wanadhani yanayeyuka na kutoka kama jasho, ndiyo maana kila asubuhi ninaona watu wanapanda mlima wamevaa jaketi nzito, wengine mifuko ya plastiki chini ya nguo. Jasho ni maji. Ukinywa jagi la maji, ile kilo uliyoona imepotea inarudi kabla ya chakula cha mchana. Mafuta yenyewe yamehifadhiwa ndani ya seli maalum. Mwili ukihitaji nguvu, homoni kama adrenalini hutoa amri, mafuta yanakatwa vipande vidogo, yanaingia kwenye damu, yanafika kwenye misuli na kuunguzwa humo kwa oksijeni. Baada ya kuungua yanakuwa hewa ya kaboni dioksidi na maji. Watafiti wawili wa Australia, Ruben Meerman na Andrew Brown, walipiga hesabu hiyo mwaka 2014: kati ya kilo 10 za mafuta zinazopotea, kilo 8.4 zinatoka kwa kupumua na 1.6 tu zinatoka kama maji. Kwa hiyo mafuta yako yanatokea puani na mdomoni, Mama, kidogo kidogo, usiku na mchana. Ile plastiki haina kazi yoyote hapo, na kwa mtu mwenye tansio inaongeza hatari.

Misuli haina kuni za aina moja. Ina mafuta, na ina sukari iliyowekwa akiba, inayoitwa glikojeni. Mafuta ni mengi ila yanafika polepole. Glikojeni ni kidogo, gramu mia nne au mia tano hivi kwenye misuli yote, lakini inapatikana papo hapo. Wewe ni mshonaji, basi fikiria pesa zilizo kwenye droo ya mashine yako na zile ulizoweka kwenye ushirika. Mteja akitaka chenji sasa hivi, unafungua droo. Karo ya shule ikifika, unaenda ushirika, unapanga mstari, unatoa. Ukitembea polepole mwili una muda wa kupanga mstari, hivyo sehemu kubwa ya nguvu inatoka kwenye mafuta. Ukikimbia kilima kwa nguvu zote, hakuna muda, mwili unafungua droo.

Hapo ndipo watu wa pande zote mbili wanapojikwaa. Wa kwanza wanasema: basi twende polepole, maana ndipo mafuta yanapoungua. Wa pili, kama kijana wako, wanasema: hapana, ukikaza sana utachoma zaidi baadaye. Wote wanatazama saa moja tu ya siku. Ukimaliza droo asubuhi kwa mazoezi makali, mchana kutwa mwili utaijaza tena kutokana na chakula, na wakati huo utatumia zaidi pesa za ushirika kuendesha moyo, ubongo na ini. Ukitumia za ushirika asubuhi, droo inabaki imejaa na mchana mwili unaanza na hiyo. Jioni, hesabu ya mafuta inakaribia kuwa ileile. Kinachobaki ni jumla: umeingiza nguvu kiasi gani kwa chakula, umetumia kiasi gani kwa kuishi na kusogea.

Nataka nimtendee haki yule kijana, kwa sababu hakubuni. Alisikia mambo ya kweli yaliyopotoka njiani. "Mara 9" inatoka kwenye utafiti wa Angelo Tremblay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Laval, Québec, uliotoka mwaka 1994. Kundi moja la watu 17 lilifanya mazoezi ya mwendo mmoja wiki 20, kundi la watu 10 lilifanya ya vipindi wiki 15. Walipima unene wa ngozi iliyokunjwa kwa vidole, na wale wa vipindi walipungua zaidi ingawa walitumia nguvu kidogo kuliko wenzao. Kisha upungufu huo wakaugawa kwa nguvu iliyotumika, na uwiano huo ndio uliotoa tisa. Si kilo tisa dhidi ya moja. Ni watu wachache, kipimo cha vidole, na chakula hakikusimamiwa. Ulikuwa utafiti wa kufungua mlango, na watu wakauchukua kama hukumu.

Tabata nayo ina historia yake. Mwaka 1996 Izumi Tabata wa Japani alichapisha kazi aliyoifanya na vijana wanafunzi wa michezo, juu ya baiskeli ya maabara: sekunde 20 za kukaza, 10 za kupumzika, mara saba au nane. Kukaza kwenyewe kulikuwa 170% ya kazi ambayo mwili ungeweza kuimudu kwa oksijeni peke yake. Baada ya wiki 6, uwezo wao wa kutumia oksijeni ulipanda, na uwezo wa kazi ya kasi bila oksijeni ukapanda 28%. Mafuta ya mwili hayakuwa swali la utafiti ule. Na wewe, kwa kilo 84 na miaka 41, hata ukijitoa roho kwa dakika 4 hutatumia zaidi ya kalori 60 hivi. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina kalori 120.

Kuhusu "mwili unaendelea kuchoma siku mbili": ni kweli kwamba baada ya mazoezi mwili unabaki ukitumia oksijeni zaidi ya kawaida, kurudisha akiba, kupoza joto, kutuliza moyo. Jambo hilo limepimwa mara nyingi. Nyongeza hiyo huwa kati ya 6% na 15% ya nguvu uliyotumia kwenye mazoezi yenyewe. Chukua dakika 20 za vipindi, kalori 120 kwa mwili wako. 15% yake ni kalori 18, yaani kijiko kidogo kimoja cha sukari kwenye chai. Sasa unaona kwa nini sipendi kuona mtu anatapika kwa ajili yake.

Tafiti nyingi zilipokusanywa pamoja, picha ikatulia. Mwaka 2017 makundi mawili tofauti ya watafiti, moja likitazama tafiti 13 na jingine 31, yalikuta njia zote mbili zinapunguza mafuta karibu sawa. Faida ya vipindi ilikuwa muda, kama 40% pungufu. Mwaka 2019 kundi la Brazili lilikuta vipindi vinaongoza kwa kama 28%. Lakini asilimia 28 ya kitu kidogo ni kitu kidogo: katika tafiti hizo watu walipungua kilo moja, mbili hivi, kwa miezi kadhaa. Ukisoma namba hizo kwa utulivu, hutamwambia mama wa watoto wanne aache kikundi chake anachokipenda.

Na futingi kula misuli? Saa moja kwa wiki haili misuli ya mtu yeyote. Misuli inaliwa na njaa ya kujilazimisha na kiti cha kutwa. Kijana wako yuko sahihi katika jambo moja: unapopungua uzito, sehemu ya kinachopotea ni misuli kama huiamshi. Dawa yake ni mazoezi ya nguvu, na nitakupa mawili yasiyohitaji sali.

Sasa ile hesabu niliyokuahidi. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina nguvu ya kalori 7,700 hivi. Saa moja ya futingi ya kikundi, yenye kukimbia polepole na kutembea kwenye miteremko, inakutoa kama kalori 400 juu ya zile ambazo ungetumia ukiwa umekaa. Gawanya: wiki 19 kwa kilo moja. Januari hadi katikati ya mwezi wa tano ni wiki 19. Mwili wako haujagoma, Mama, na huna "damu nzito" wala "mafuta sugu". Umefanya dakika 60 kwa wiki, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, pamoja na siku mbili za nguvu za misuli. Dawa ilikuwa nzuri, kipimo kilikuwa kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mazoezi hatupendi kulisema. Mwili hulipiza. Ukikimbia Jumapili asubuhi, mchana unakaa zaidi, na sahani inajaa zaidi kwa sababu "leo nimefanya kazi". Herman Pontzer na wenzake walipima Wahadza wa Tanzania, wawindaji wa karibu na Ziwa Eyasi, watu wanaotembea kilomita nyingi kila siku, na mwaka 2012 wakatangaza kwamba ukizingatia ukubwa wa miili yao, nguvu wanayotumia kwa siku haizidi sana ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Mwili unajua kubana matumizi mahali pengine. Ndiyo maana mazoezi bila chungu hupunguza polepole sana. Lakini mazoezi yanashinda kwa mambo mawili: yanalinda usirudishe uzito ulioupoteza, na yanapunguza mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka ini na utumbo, hata mizani inapochelewa kusogea. Hayo ndiyo mafuta mabaya kwa tansio na sukari. Mazoezi ya kukunja tumbo hayayachagui. Yanakaza misuli iliyo chini, basi. Kutembea na kukimbia, kwa njia yoyote ile kati ya hizi mbili, ndiko kunakoyafikia.

Basi vipindi vina faida gani ya kweli? Turudi kwenye moyo. Watafiti wa Trondheim, Norwei, mwaka 2007 walifundisha wanafunzi wanaume wenye afya kwa wiki 8, mara tatu kwa wiki. Waliofanya dakika 4 za kukaza mara nne, na dakika 3 za kwenda taratibu katikati, waliongeza uwezo wa kutumia oksijeni kwa zaidi ya 7%, kwa sababu moyo wao ulisukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Wenzao waliofanya kazi ileile kwa jumla, ila kwa mwendo mmoja wa taratibu, hawakuongeza. Uwezo huo unahusiana sana na kuishi miaka mingi. Kwa hiyo ninataka ufike kwenye vipindi siku moja, kwa ajili ya kupanda hadi nyumbani bila kuhema ukiwa na miaka 60. Sitaki ufike kwa kutapika.

Tena Bukavu haina haja ya kukopa vipindi kwa mtu. Kadutu imejengwa kwenye mteremko. Mtu akitoka nyumbani anapanda au anashuka. Kukimbia "mwendo mmoja" kwetu kunahitaji utafute vipande vya tambarare, kule Muhumba karibu na ziwa. Na tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kidogo. Wewe umeizoea, ila dada yako akija kutoka Uvira, chini kule, atahema wiki ya kwanza na asishangae. Watazame pia wale akina mama wanaopanda na mizigo mgongoni, kamba imewekwa kwenye paji la uso: wanapanda, wanasimama, wanaegemea ukuta, wanapanda tena. Hivyo ndivyo vipindi. Wao hulipia kwa migongo yao, na hakuna anayepaswa kuiga mzigo ule, lakini mpangilio wa kupanda na kupumzika mwili wa mtu wa Bukavu unaujua tangu utoto.

Kabla ya kilima, mambo matatu uliyoyataja haraka haraka. La kwanza, tansio 15 kwa 9, yaani 150 kwa 90. Hiyo iko juu, na imepita mwaka. Kipimo kimoja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa, lakini hakitoshi pia kunyamaza. Kapimwe wiki hii, ukiwa umekaa na kupumzika dakika 5, na urudie siku nyingine. Ikibaki 14 kwa 9 au zaidi, muone daktari. Kutembea unaweza kuendelea, na kutakusaidia. Ikifika 18 kwa 11, hakuna zoezi kali hata moja mpaka itibiwe. Omba wakupime na sukari siku hiyohiyo.

La pili, nyota na kutapika. Mara nyingi sababu ni kukaza kupita uwezo tumbo likiwa tupu, kisha kusimama ghafla. Ukisimama ghafla damu inabaki miguuni na kichwa kinakosa. Siku zote malizia kwa dakika 5 za kutembea. Lakini kama nyota zilikuja pamoja na maumivu ya kifua, au moyo kuruka bila mpangilio, au ulizimia hata sekunde moja, hiyo si ya kuzoea. Hospitali, na usifanye zoezi lolote kabla.

La tatu, goti. Linauma ukishuka kwa sababu kushuka ndiko kunakolibana, hasa kwa kilo nyingi na mapaja yaliyolegea kwa kukaa. Kuruka-ruka kwa Tabata kulilichokoza. Ukipanda goti linapata nafuu kuliko ukishuka, kwa hiyo tutapanda kwa bidii na kushuka kama mtu aliyebeba mayai, hatua fupi, kwa kupita upande upande ikibidi.

Wiki 4 za kwanza: siku nne, tembea kwa kasi dakika 30, zingine 5 ni za kuanza na kumaliza taratibu. Kipimo chako ni mdomo. Uweze kuzungumza sentensi nzima, lakini wimbo mrefu ukushinde. Kwenye futingi ya Jumapili kaa nyuma, itikia wimbo. Ukishindwa kuitikia, tembea mpaka sauti irudi. Mara mbili kwa wiki ongeza nguvu: kaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara 10, na kusukuma ukuta kwa mikono miwili, mara 10, pumzika, rudia mara mbili. Unaweza kufanya hayo hata penye cherehani, kati ya mteja na mteja. Mvua ikinyesha na njia ikawa tope, usitoke; panda na kushuka ngazi za nyumbani polepole, au tembea papo hapo ukiinua magoti.

Wiki ya 5, kama tansio imekubali na goti limetulia, siku mbili kati ya nne zigeuze kuwa kilima. Tembea taratibu dakika 7. Kisha panda kwa kasi dakika moja, bila kukimbia, mpaka uweze kutamka maneno mawili matatu tu. Geuka, shuka polepole dakika mbili. Rudia mara 5. Kila wiki ongeza mara moja, usipite 8. Siku mbili za kilima zisifuatane. Baada ya miezi mitatu, ukipenda, jaribu ile ya Norwei ya dakika 4. Usipopenda, baki na kutembea; mafuta hayatakuuliza yalitokea mlango gani.

Chungu sasa. Dakika 35 za kutembea ni kalori 170 hivi. Mara nne pamoja na Jumapili ni 1,100 kwa wiki hivi. Ukipunguza 300 kwa siku kwenye chakula, hiyo ni 2,100. Uone uzito ulipo. Na 300 hazihitaji njaa: mawese kwenye sombe, majani ya muhogo, yapungue kijiko kikubwa kimoja kwenye fungu lako, vijiko viwili vya sukari vitoke kwenye chai, bugali ya jioni ipungue robo na nafasi yake ichukuliwe na lengalenga na maharage. Wale samaki wadogo wa ziwani, sambaza, wapike na nyanya badala ya kuwakaanga. Kama kuna bia baada ya futingi, chupa moja kubwa ya sentilita 72 ina kalori 300 hivi, kama dakika 45 za futingi yenu. Usiache kula asubuhi ili "kusaidia" mazoezi. Utafidia saa nne kwa mandazi, na ninajua wanaouza mandazi wanapita hapohapo kwenu.

Kwa mpango huo, karatasi inasema gramu 400 kwa wiki. Kwa sababu mwili hulipiza, tegemea kilo 3 hadi 4 kwa miezi mitatu. Wiki ya kwanza inaweza kushuka kilo moja au zaidi, ni maji yanayotoka pamoja na glikojeni. Usishangilie sana, na yakirudi usilie. Kwa kilo 84, ukifika 80 tansio na sukari kwa kawaida huanza kusikia nafuu.

Usianze bila kumuona daktari kama una ujauzito, kama unatumia dawa za sukari, au kama kuna aliyekwambia una SS, yaani ugonjwa wa selimundu. Mwenye AS, aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, anaweza kufanya mazoezi, ila asikaze ghafla na asikose maji. Siku yenye homa, malaria au tumbo la kuhara, pumzika. Goti likivimba, likikwama au likikuachia ukitembea, linahitaji mikono ya kinezi au daktari, si ushauri wa barua. Na mwambie yule kijana wa sali jambo hili, maana atawafundisha wengine: mtu akikaza sana siku ya kwanza, kisha kesho yake misuli ikavimba kwa maumivu na mkojo ukawa mweusi kama chai kavu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, figo ziko hatarini.

Kesho asubuhi kabla ya kula chukua futi yako ya kushonea, ipitishe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kawaida, andika namba. Kwa mwanamke, kuanzia sentimita 88 hatari ni kubwa. Rudia kila baada ya wiki mbili, mkao uleule. Mizani iangalie mara moja kwa mwezi. Ukifika wiki ya 5 uniandikie namba za futi, tansio zote mbili, na jinsi goti linavyoshuka. Hapo nitakwambia kama kilima kifunguliwe au tusubiri.